Kutu pale mfuko wa hewa wa trela unapokaa: kusafisha, kukata au kubadili?

Spana_Uyole

Wakuu, habari za kazi. Nina trela la ekseli tatu lenye sapensheni ya hewa (mifuko ya mpira iliyojaa hewa badala ya springi), njia yake ni Dar hadi Tunduma na kuvuka. Kwenda linabeba mbolea au salfa, kurudi linabeba shaba. Mfuko wa hewa wa ekseli ya kati, upande wa kulia, umechanika karibu na sahani ya juu, ile ya chuma inayoufunga mfuko kwenye chasisi. Mifuko mipya miwili ipo, ya kulia na ya kushoto ya ekseli hiyohiyo.

Shida ni pale inapokaa. Bati la juu, lile lililochomelewa chini ya chasisi, limejaa kutu ya magamba. Ukiligonga vinadondoka vipande kama ganda la mti mkavu. Chini, kikalio kilichopo kwenye mkono wa ekseli (ule unaoishikilia ekseli kwenye chasisi) kina vishimo, na tope limegandana mpaka kitundu cha kutolea maji hakionekani. Shimo moja la bolti la juu limekuwa kama yai.

Fundi mmoja anasema tupige brashi ya waya, tupake rangi, tufunge. Mwingine anasema tujaze vishimo kwa puti ya bodi ili mfuko ukae sawa. Wa tatu anataka kuchomelea bati jipya juu ya lile la zamani. Mpaka wa kusema "hiki hakifai tena" uko wapi hasa?

Mhimili

Mkuu, usifunge chochote kwanza. Mfuko kuchanika karibu na sahani ya juu mara nyingi si ubovu wa mpira, ni kazi ya hilo bati. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, mara mbili hadi sita. Ikibanwa kati ya bati la chasisi na sahani ya mfuko haina pa kwenda, inasukuma. Sahani ya mfuko ni nyembamba, imekunjwa ukingoni kuushika mpira. Ikisukumwa katikati inapinda, ule mkunjo unafunguka kidogo, hewa inaanza kuvuja, na ukingo unausugua mpira kila gari linapopanda na kushuka. Ukifunga mfuko mpya juu ya kutu ileile umenunua muda mfupi tu.

Hizo shehena zako nazo zina mchango. Salfa ikilowa inakula chuma vibaya, na baada ya muda inazaa asidi. Mbolea ni chumvi zinazovuta unyevu hewani, kwa hiyo chuma kinabaki kibichi hata siku mvua haijanyesha. Changanya na tope la Novemba hadi Aprili huku Nyanda za Juu, halafu kitundu cha maji kimezibwa. Hapo kikalio kinaloweshwa mwaka mzima.

Sasa kupima. Kabla ya kuingia chini, weka kabari kwenye matairi, ondoa hewa yote ya sapensheni, na chasisi ikae juu ya stendi. Isikae juu ya jeki peke yake. Chomoa fimbo ya valvu ya kusawazisha urefu ili mtu asije akaitikisa na mifuko mingine ikajaa ukiwa chini.

Bandua magamba yote kwa nyundo ndogo yenye ncha na tindo mpaka ufike kwenye chuma kinacholia. Chuma kizima kinalia kengele, kilichooza kinatoa sauti butu. Usianze na grenda, maana grenda inang'arisha juu ya gamba na kukudanganya kwamba umefika. Baada ya hapo brashi ya kikombe, halafu diski ya msasa namba 60 au 80 kwa mkono mwepesi. Jiwe la kukatia lisitumike kusugulia, linachimba mifereji.

Kisha vitu vitatu. Unene: pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) sehemu iliyooza zaidi, linganisha na sehemu ya bati hilohilo isiyoguswa na kutu. Kama kalipa haifiki, toboa tundu la milimita 3 pale palipo pabaya zaidi, upime kwa ndoano ya waya, utaliziba baadaye. Unyoofu: laza rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso, pande nne, uone mwanga unapita wapi na feeler geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) ya ngapi inaingia. Matundu: ingiza bolti mpya, uone inacheza kiasi gani.

Mipaka ninayotumia mimi: bati lililopoteza chini ya asilimia 10 ya unene, linasafishwa na kupakwa rangi. Kati ya 10 na 20, angalia limepotea wapi. Kama ni ukingoni mbali na bolti, sawa, kama ni kuzunguka bolti, hapana. Zaidi ya 20, linakatwa. Nafasi chini ya rula isizidi nusu milimita pale sahani inapokaa. Na shimo lililokuwa yai si la kuwekewa washa kubwa na kusahau, kwa sababu bolti itaendelea kutembea.

Puti ya bodi isahau kabisa. Ni ngumu lakini haivumilii kubanwa na kutikiswa. Itapondeka kuwa unga, bolti zitalegea, na unga huo utakaa palepale kunywa maji.

Fimbo7018

Naongeza upande wa kuchomelea, maana hapo ndipo trela nyingi zinaharibiwa zaidi ya zilivyokuja.

Kwanza jua unachomelea nini. Bati la juu na mabano yake kwenye trela nyingi ni chuma cha kawaida, kinachomeleka. Mkono wa ekseli ni habari nyingine. Mikono mingi imetengenezwa kwa chuma cha springi, na hicho hakichomelewi hata nukta moja, hata kugusisha elektrodi tu kuwasha moto. Kile kidoa kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika, ufa unaanzia hapo, na siku mkono ukikatika trela limeshiba kwenye mteremko wa Kitonga, hakuna cha kushika ekseli. Kama kikalio cha chini kimefungwa kwa bolti, kifungue ukakichomelee mezani au ununue kingine. Kama kimeshikamana na mkono, hukarabati, unabadili. Hata boriti ya ekseli yenyewe usiiguse nje ya sehemu ambazo mtengenezaji ameruhusu.

Pili, kuweka bati jipya juu ya lile bovu. Sikubaliani na huyo fundi wa tatu. Umefungia kutu kati ya mabati mawili, itaendelea kusukuma humohumo. Halafu ukiweka bati la milimita 6 juu, mfuko wa upande huo unafanya kazi ukiwa mfupi kwa milimita 6 kuliko wenzake. Kata kilichooza mpaka ufike chuma chenye unene wake, weka bati la unene uleule, uso wake ulingane na wa zamani. Pembe za kiraka ziwe za mviringo, pembe kali ni mwanzo wa ufa.

Elektrodi (fimbo za kuchomelea) tumia aina ya 7018, si 6013 zinazouzwa kila kona. Ila 7018 iliyokaa wazi imenyonya unyevu, na unyevu huo unaleta ufa ndani ya weldi. Ikaushwe kwenye tanuri la elektrodi, nyuzi 300 na kitu kwa saa moja au zaidi. Kuianika juani hakutoshi. Ya milimita 3.2 inakwenda vizuri kati ya ampea 100 na 140 kwa mashine ya DC. Zile transfoma ndogo za AC haziipendi, inazima-zima na kuacha matundu.

Kabla ya kuwasha: chomoa trela kutoka kwenye kichwa, waya za umeme na za EBS (breki za kielektroniki) zikiwemo. Kama haliwezi kuchomolewa, toa betri na soketi za kompyuta za breki. Klipu ya kurudishia umeme ifungwe palepale karibu na weldi, kwenye chuma kilichosuguliwa. Ukiifunga mbali, umeme unatafuta njia kupitia beringi za ekseli na kuzichoma. Mifuko ya karibu iondolewe au ifunikwe kwa blanketi la moto, kwa sababu cheche moja inatoboa mpira na tundu huliona mpaka wiki ijayo.

Ukimaliza, sugua weldi ilingane na uso na utafute kila tone lililoruka. Tone moja la weldi chini ya sahani linatosha kuipinda ukikaza.

Spana_Uyole

Asanteni sana. Nimepima. Bati la juu kushoto: sehemu nzima milimita 8.0, iliyoliwa zaidi 7.4, rula imekaa vizuri. Bati la juu kulia: nzima 8.0, iliyoliwa 5.1, na ni kuzunguka lile shimo la yai. Shimo ni 13.5 kwa upande mmoja, 17 kwa mwingine. Vikalio vya chini vimefungwa kwa bolti, vina vishimo vya milimita 1 hivi pembeni, katikati vizima. Bolti moja ya kikalio cha kulia imekatika ndani ya nati iliyochomelewa.

Na rangi je? Duka la hapa lina dawa ya kubadili kutu, praima ya zinki, na epoksi ya makopo mawili. Nimeambiwa nipake zote tatu kwa mpangilio huo.

Mhimili

Kushoto umepoteza asilimia saba na nusu, safisha upake rangi. Kulia umepoteza zaidi ya theluthi na kwenye bolti, hapo hakuna mjadala, kata. Chora mashimo mapya kwa kutumia mfuko mpya wenyewe kama kiolezo, si bati la zamani lililopinda. Lakini toboa bati kabla ya kulichomelea, na mfuko uwe mbali wakati wa moto. Kwa stadi (bolti iliyoshikamana na sahani ya mfuko) ya M12, yaani ya milimita 12, shimo la 13.5 ndilo sahihi. Kusiwe na shimo la 16 "ili iingie kirahisi".

Bolti iliyokatika: sugua kichwa chake kiwe bapa, piga sentapanchi katikati kabisa, toboa na bitu ndogo kwanza. Kama uzi wa nati umeharibika na ni M12 ya kawaida, yaani pichi ya 1.75, bitu ya kutobolea kabla ya tepu (kifaa cha kuchonga uzi) ni 10.2. Ukikosa katikati na kula ukuta wa nati, usiendelee kuhangaika, kata nati nzima uchomelee nyingine maana kikalio kinafunguka.

Vile vishimo vya pembeni vya milimita 1 vibaki. Ukisugua uso mzima ili vipotee, umekondesha chuma kizuri kwa sababu ya sura. Muhimu pistoni, yaani kitako cha chini cha mfuko, ikae kwenye chuma pande zote zenye bolti. Na zibua kile kitundu cha maji, bitu ya milimita 10, ukipitishe mpaka uone mwanga.

Epoksi_Mafinga

Kuhusu rangi, huyo aliyekuambia upake zote tatu kwa mpangilio huo anakupotezea hela. Praima ya zinki inalinda kwa sababu chembe za zinki zinagusana na chuma, zenyewe ndizo zinaliwa badala ya chuma. Ukitanguliza dawa ya kubadili kutu umeweka ngozi katikati, zinki haigusi kitu, imekuwa rangi ya kijivu tu. Chagua njia moja.

Chuma kilichosuguliwa mpaka kimeng'aa: futa kwa thina na kitambaa safi, zinki, halafu epoksi. Mahali ambapo huwezi kufikia chuma tupu, kama ndani ya kona za mabano na kwenye vile vishimo: dawa ya kubadili kutu yenye asidi ya fosforiki, iache ifanye kazi kama kopo linavyosema, osha mabaki kwa maji, kausha kabisa kwa hewa, kisha epoksi moja kwa moja bila zinki. Mabaki ya asidi yasipooshwa, epoksi inainuka malengelenge.

Sasa jambo linalosahaulika. Uso ule sahani inapobanwa upakwe rangi nyembamba, mkono mmoja wa praima tu. Rangi nene chini ya bolti inaendelea kujibana taratibu, bolti inapoteza mvutano, mfuko unaanza kutembea. Mikono miwili mitatu weka nje ya duara la sahani, upande wa juu wa bati, na kwenye kingo. Kingo zisuguliwe ziwe butu kwanza, maana rangi inakimbia ncha kali.

Na baridi yetu. Kuanzia Juni mpaka Agosti, Mbeya, Mafinga na Makambako usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Epoksi nyingi za kawaida chini ya hapo zinasimama kukauka, zinabaki kama sabuni. Asubuhi chuma kina umande usiouona, upitishie kiganja utausikia. Kwa miezi hiyo paka kati ya saa nne na saa nane mchana, chuma kikiwa kimepata jua, na uache taa ya joto au jiko la mkaa kwa mbali, pasipo moshi kugusa rangi na pasipo thina wala mpira karibu. Kilichopakwa saa kumi jioni usikifunge kesho yake asubuhi. Kibonyeze kwa ukucha kwanza, kikiacha alama bado.

Baluni_Mpemba

Wakuu wamemaliza chuma, mimi niende kwenye kufunga, maana mtu anaweza kufanya yote hayo vizuri akaua baluni mpya, yaani huo mfuko wa hewa, dakika ya mwisho.

Mfuko ambao haujafungwa juu na chini usitiwe hewa hata "kujaribu kidogo". Hauna cha kuuzuia, unarukia mtu.

Funga juu kwanza, nati zishikwe kwa mkono, halafu chini, uone mfuko umesimama wima bila kujipinda kama nguo inayokamuliwa. Ndipo ukaze. Usitumie mashine ya hewa ya kufungulia matairi. Stadi na nati zilizofichwa kwenye sahani zimeshikwa na chuma chembamba, zikizunguka ndani mfuko umekufa ukiwa mpya. Kipimo cha jumla cha bolti ya M12 daraja 8.8 ni karibu Nm 80, na wengi ndiyo wanakitumia. Kwenye mfuko wa hewa hicho ni kikubwa mno kwa nati nyingi za aina hiyo. Fuata karatasi iliyokuja na mfuko. Zile zenye stadi nene ya robo tatu ya inchi inayopitisha hewa katikati, zinakazwa karibu futi-pauni 45, yaani Nm 60 hivi. Stadi ina tundu ndani, kwa hiyo unene wake usikudanganye.

Grisi ya shaba kwenye uzi ni sawa, ila kidogo, na ukiipaka punguza torki kwa robo, vinginevyo unavuta bolti kuliko unavyodhani. Isiguse mpira. Grisi na dizeli zinalainisha mpira. Kati ya sahani na bati usiweke mpira wa tyubu, kadibodi wala silikoni. Vyote vinashika maji na vinalegea.

Zungusha mkono kuuzunguka mfuko wote: inchi moja ya nafasi kwa kila upande ukiwa umejaa, mbali na hosi, waya, kingo za bati jipya na bomba la breki. Kiraka cha chuma kilichotokeza milimita chache kinaweza kuwa ndicho kisu.

Kisha tia hewa taratibu, bar moja hivi, huku uzito ukiwa bado kwenye stendi. Angalia mpira unavyojikunja juu ya pistoni, mkunjo uwe sawa mzunguko mzima. Ukishusha trela kwenye mfuko mtupu, mkunjo unabanwa upande mmoja na mpira unakatika ndani. Ukiona sawa, rudisha fimbo ya valvu, jaza, pitisha maji ya sabuni kwenye sahani ya juu na fitingi zote.

Pima urefu kutoka chini ya chasisi hadi katikati ya ekseli, pande zote mbili, ulinganishe na kibao cha vipimo cha trela. Na shokapu za ekseli hiyo zishushwe uziangalie. Shokapu ndiyo inazuia mfuko usivutwe kupita kiasi gurudumu likidondoka kwenye shimo. Ikifa, mfuko unang'oka kwenye pistoni hata kama chuma chako kinang'aa.

Spana_Uyole

Nimeelewa. Shokapu ya kulia inatoka mafuta, itabadilishwa na mwenzake. La mwisho: baada ya kufunga, nikaze tena lini? Na trela likishashusha mzigo wa salfa nifanye nini kwa hayo mabati?

Mhimili

Kaza tena likiwa limebeba mzigo mara ya kwanza. Safari ya kushuka, simama Makambako kabla ya kuendelea, injini ya kichwa izimwe, weka kabari, pitisha spana ya torki kwenye kila nati kwa kipimo kilekile, si zaidi. Nati ikizunguka zaidi ya robo duara, kuna rangi nene au gamba umeliacha, na hapo utafungua tena. Rudia baada ya wiki kama mbili. Ukishakaza, chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye bati, dereva ataona mwenyewe kwa tochi kama imesogea.

Baada ya salfa au mbolea, osha kwa maji mengi ya kawaida siku hiyohiyo trela likishushwa, ukianzia juu ya mabati kwenda chini kwenye vikalio. Ukitumia mashine ya presha usiielekeze kwenye mkunjo wa mpira wala ukingo wa sahani, unaingiza uchafu ndani. Chokonoa kile kitundu cha maji kwa waya. Halafu lisiegeshwe likiwa limelala chini bila hewa juu ya tope. Lijaze hewa, mifuko isimame, upepo upite.

Fimbo7018

Na lile bati jipya la kulia liangalie pembe za weldi kila unapokaza. Mstari mwembamba wa kutu nyekundu unaotoka kwenye weldi juu ya rangi nzima ni ufa, si uchafu. Ukiuona, trela halipakii mpaka weldi isuguliwe na kurudiwa.